Filamu ya Baba

Fundi wa picha aliigeuzageuza filamu kiganjani kama mtu aliyepewa yai la nyoka.

"Dada, hii si ya nyeusi na nyeupe? Mashine yangu ni ya rangi. Dawa zake hufuta nyeusi na nyeupe yote. Utaambulia utepe mtupu."

"Za kawaida ndizo hufutika. Hii imetengenezwa isafishwe kwa dawa za rangi. Ndiyo maana nikaichagua." Sauti ilimtoka binti nyembamba, kama ya kuazima.

"Umewahi kusafishisha ya aina hii popote?"

"Hapana."

Baba yake, mchomeleaji aliyeunguzwa uso na mtungi wa gesi, hakuwa amekubali kupigwa picha tangu ajali ile. Rangi zilimsengenya: shavu la waridi, shingo nyekundu. Alipoambiwa kooni ana uvimbe wa kukatwa, ndipo alipomwambia bintiye, "Nipige, mwanangu. Ila isiwe ya rangi." Mpiga picha wa zamani, aliyesafisha za nyeusi na nyeupe katika chumba cha giza, alikwisha kufunga duka na kuhama. Binti akanunua filamu hii kwa kuyaamini maandishi ya kwenye boksi. Mchana huu baba angepasuliwa, na hakuna daktari aliyethubutu kuahidi kitu.

"Tuiache?" fundi aliuliza.

Binti alikwisha kuyavulia maji nguo. "Weka, kaka."

Mashine ikaimeza. Binti alikaa kwenye benchi. Kwa nini hakupiga na ya rangi, kisirisiri, iwe akiba? Lakini huko kungekuwa kumwibia baba uso wake mara ya pili.

Fundi akauinua utepe kwenye mwanga. Akaupitisha polepole mbele ya macho. Binti akasimama.

"Yumo," fundi akasema. "Mzee yumo."

Picha ilitoka na ukahawia kidogo, kwa kuwa karatasi ilikuwa ya rangi. Makovu yalikuwa vivuli tu. Na kwa kuwa hayakuvuta jicho tena, macho ndiyo yaliyobaki: macho ya mtu aliyejawa na hofu. Baba huyu huyu, aliyeshinda akiwatania wauguzi!

Wodini, mzee aliishika picha muda mrefu.

"Baba, hukuniambia kama unaogopa."

"Wewe je, uliniambia?"

Binti alitikisa kichwa. Baba akajisogeza ukutani, akampisha kitandani. Msukuma machela alipotokea mlangoni kumchukua mzee aliwakuta wamekaa bega kwa bega, na hakuna aliyeinuka.