Kopa Saba za Mwalimu

Jumamosi ya mashindano ya hisani, saa nane mchana, mwalimu mstaafu wa hesabu alikuwa ukumbini akifuta meza kumi na mbili, kwa sababu mfagizi wa klabu ya briji alikuwa na harusi. Mwaka huu walikuwa wakiichangia hospitali viti vya magurudumu. Mumewe, mpima ardhi, alisimama mlangoni akipeana mikono na wageni.

"Mkono mmoja tu," mwalimu alimkumbusha. "Nikitaja kopa, niachie."

"Mama, si nimeshakuahidi? Mimi mtoto?"

Briji, kwa asiyeijua, ni karata za wawili kwa wawili. Kwanza watu wananadi: kopa, shupaza, uru au pau, kila mtu na ile anayotaka iwe turufu, yaani izishinde nyingine, pamoja na idadi ya mizunguko anayoahidi kushinda zaidi ya sita. Upande ukishinda mnada, aliyeitaja turufu hiyo kwanza ndiye anayecheza karata zote za upande wake. Mwenzake analaza zake mezani, wazi kama nguo kwenye kamba, kisha anafunga mdomo mpaka mkono, yaani mchezo huo mmoja, uishe. Mwalimu alikuwa amelaza karata kwa miaka ishirini na sita. Akitaja kopa, mumewe anataja shupaza. Akitaja shupaza, mumewe ghafla anakumbuka kwamba anapenda pau. Ila chai, jamani, walimwachia aimimine yeye.

Raundi ya nne walikutana na daktari wa meno na dada yake. Mwalimu alifungua karata zake, akaona kopa saba, ree na mfalme wakiwemo. Moyo ulimruka kwa furaha.

"Kopa moja," alisema.

"Shupaza moja," akasema mumewe.

"Kopa mbili." Akamkazia macho.

"Shupaza nne," akasema mumewe, akakunja mikono. Wengine wote wakapita, hakuna aliyenadi zaidi.

Mwalimu alizilaza kopa zake moja moja, akazinyoosha, kisha akapaa. Viatu viliachana na sakafu, kiti kikabaki peke yake, naye akaenda taratibu mpaka mgongo ukagusa dari.

"Zimeni feni," alisema katibu wa klabu. "Mwalimu, maadamu uko huko, hebu tubadilishie hiyo taa. Tangu mwaka jana haiwaki."

Wakampelekea balbu kwa mpini wa ufagio. Aliifunga, kisha akafuta na utando wa buibui. Kutoka pale aliziona karata za wote wanne. Kopa nne zingetimia bila jasho. Alitamani kupiga kelele, lakini mwenye kulaza karata hasemi, na yeye alikuwa mtu wa sheria. Mumewe alihitaji kushinda mizunguko kumi, akaambulia saba.

"Bahati haikuwa yetu," mpima ardhi alimwambia daktari wa meno.

Kombe lilikwenda kwa daktari na dada yake. Viti vya magurudumu vilipatikana. Katibu aliwashukuru wote waliojitolea, hasa mwalimu, kwa taa.

Jioni walirudi nyumbani kwa miguu, mume chini ameshika mkanda mrefu wa mkoba, mke juu ameukumbatia mkoba wenyewe, kama tiara kwenye uzi. Watoto wa jirani waliinua nyuso.

"Shikamoo, mwalimu!"

"Marahaba, wanangu. Fungeni kamba za viatu."

Watoto walipokwisha kupita, akamtazama mumewe kule chini. "Uliniahidi," alisema. "Miaka ishirini na sita, baba. Nimekuomba mkono mmoja."

"Niliahidi, sikatai." Mpima ardhi alitembea kidogo akifikiri, maana alikuwa mtu mkweli. "Lakini mke wangu, zilikuwa karata nzuri mno. Ningekuachiaje uziharibu?"

Mkanda ulikazika. Mumewe alitazama juu, akakadiria kwa jicho kwamba mkewe amepanda nusu mita zaidi, akauzungusha mkanda mara mbili kwenye kiganja. Walipofika mlangoni alimwambia ainame, asije akajigonga kichwa.