Wivu wa Kinyozi

Kinyozi alikuwa na wivu, tena wa kumkosesha usingizi. Kila Alhamisi asubuhi shemeji yake alikipita kibanda cha kunyolea, akavuka barabara na kuingia kwa yule mama mshauri nasaha.

Tangu mkewe, dada yake kinyozi, afariki, shemeji alikuwa akija kumwaga ya moyoni kwenye kiti cha kunyolea. Na kinyozi hakuwa mchoyo wa ushauri: oa tena, hama nyumba, acha kulialia. Sasa kiti kitupu, na shemeji anatoka kule uso mkunjufu! Roho ilimuuma kinyozi kama mtu aliyenyang'anywa mchumba.

Mwishowe uzalendo ukamshinda. Akavua aproni, akavuka barabara, akajifanya mteja.

"Karibu," alisema mshauri. "Ungependa tuutumieje muda huu?"

"Mtaalamu si wewe? Niambie."

"Kazi hii naijua kidogo. Maisha yako unayajua wewe. Tukisaidiana, huenda tukafika mahali. Nikienda kombo, nisahihishe."

Kinyozi akaduwaa. Ndiyo dawa yenyewe hii? Alikuwa amejiandaa kubishana na mjuaji, akakosa wa kubishana naye. Akajikuta anasema kweli: "Kuna mtu alikuwa akija kwangu. Umenichukulia."

"Wanaokuja hapa siwazungumzii, na wewe sitakuzungumzia kwingine. Ila nieleze, mlipokuwa pamoja mlikuwa mkizungumzaje?"

Kinyozi akajaribu kukumbuka. Ushauri wake aliukumbuka wote. Maneno ya shemeji hakukumbuka hata moja.

Jumamosi shemeji akaja kutengeneza ndevu.

"Leo nikunyoe tu, au tuzungumze?" kinyozi akauliza.

Shemeji akamkodolea macho kwenye kioo. "Ninyoe tu, shem."

Ilimchoma, lakini akanyoa kimya. Alipofika kidevuni, shemeji akasema taratibu, "Hapa dada yako ndiye aliyekuwa akininyoa. Alinikata mara mbili, akacheka yeye."

Ushauri ukamjaa kinyozi kooni, akaumeza. "Alicheka vipi?"

Shemeji akaeleza, akaeleza, mpaka povu likamkaukia shavuni.

Wivu haukuisha. Shemeji alipoaga, akataja miadi yake ya Alhamisi, na moyo wa kinyozi ukafukuta vilevile.

"Haya," akasema, akikung'uta shuka lenye nywele. "Na Jumamosi mimi nipo."