Uso wa Mzee Anselmi

Morogoro nzima, kuanzia Msamvu mpaka Bigwa, hakukuwa na mtu aliyejua kuutambua mchoro halisi wa katuni kama mimi, na hakuna mchoro uliowahi kupata hata doa mikononi mwangu. Hilo la doa nilikuwa nalisema kwa sauti zaidi.

Ilikuwa miaka ile mambo yameshakuwa ruksa. Kila wiki gazeti jipya linazaliwa, jingine linazikwa, na wenzangu tuliomaliza nao kidato cha nne walikuwa wanauza mitumba. Mimi nikaamua kukusanya katuni. Si zile zilizochapwa. Hizo hata muuza karanga anazo, anafungia bidhaa. Nilitaka karatasi yenyewe aliyoiinamia mchoraji, yenye wino wa mkono na mistari ya penseli chini yake. Nilikuwa nazo saba, zote za “Karani Mizani”, katuni ya karani wa ushirika aliyewapunja wakulima mpaka mizani yenyewe ikamwonea haya. Gazeti lake lilikufa zamani, ofisi yao ya mkoa ikatupa kabati zima, michoro ikasambaa. Minne niliikuta Dumila, mama mmoja ameitandika chini ya tenga la vitunguu. Rafiki yangu Abdi, fundi wa fremu, aliniuliza, “Collins, unakusanya sanaa au unakusanya harufu?”

Kipimo changu nilikitoa kwa mama yangu, Mwanaheri, muuza vitenge sokoni. Siku hizo vitenge vilikuwa vinaingia kutoka kila upande, na mama hakuamini lebo. Alikuwa analowesha kidole kwa mate, anasugua pindo. Rangi ikichuja, kitenge feki, kirudi kilikotoka. Mimi nikakigeuza kipimo. Wino wa mashine hauchuji, wa mkono unachuja. Kwa hiyo mchoro ukichuja, ndio wenyewe. Michoro yangu yote saba ilikuwa na wingu jeusi pembeni, la ukubwa wa dole gumba. Sikuliita doa. Niliita uthibitisho.

Ndipo nikasikia kwamba mchoraji wa “Karani Mizani”, Mzee Anselmi, alikuwa mtu wa Matombo, amefariki karibu mwaka sasa, na mjane wake anao mchoro wa mwisho ambao gazeti halikuwahi kuuchapa. Asubuhi yake nikadandia gari la ndizi lililokuwa linarudi milimani tupu. Nilifika na vumbi mpaka kwenye kope.

Bibi Filomena alinipokea kama mgeni wa heshima. Nikampa shikamoo, akanipa marahaba na kigoda. Binti yake Editha, mwalimu wa shule ya msingi pale kijijini, alitusalimia akatoka uani kupepeta mchele. Bibi akafungua kanga iliyokunjwa mara nne, akanipakatisha mchoro. Karani hakuwemo. Mzee Anselmi alikuwa amejichora mwenyewe, amesimama kando ya mizani, anawapungia mkono wasomaji.

“Hakuacha picha hata moja,” bibi akaniambia. “Kila akija mpiga picha, yeye yuko shamba. Uso wake ni huu tu, mjukuu wangu. Nataka watu wauone siku ya misa ya mwaka.”

Akaenda kunikatia ndizi za kurudi nazo mjini.

Mtu mwenye akili angekaa akautazama. Mimi nikajiuliza: na kama si wenyewe? Pembeni karatasi ilikuwa nyeupe tupu, hakuna cha kusugua. Weusi mwingi ulikuwa kwenye nywele za mzee. Nikalamba kidole. Nikagusa nywele, kidogo tu. Haukuchuja. Nikalamba tena, nikakaza. Ukachuja. Nywele zikateremka kwenye paji la uso, nikazifuta kwa mkono wa shati, zikaondoka na jicho. Nikajaribu kuliokoa jicho, likaondoka na pua. Ulikuwa mchoro halisi kuliko yote niliyowahi kushika.

Bibi aliporudi nilishaukunja kwenye kanga. Nikamwambia mchoro kama huu hauwezi kukaa hivi, nitauweka fremu ya kioo mjini, zawadi yangu kwa marehemu. Alinibariki mpaka nikaona aibu, ila si aibu ya kutosha kusema.

Nyumbani nikachukua kalamu ya biki. Nilianza na pua. Ikaenda upande, nikaiwekea masharubu ya kuiegemea. Masharubu yakadai ndevu. Macho yakakataa kulingana, nikamvisha miwani. Abdi alipokuwa anakata kioo aliutazama mchoro muda mrefu, akaniuliza huyu daktari wa mifugo ni nani. Nikamwambia apige misumari.

Wiki tatu baadaye, baada ya misa, watu walijaa sebuleni kwa bibi. Fremu ilikuwa ukutani, juu ya kitambaa cheupe. Majirani walipita mmoja mmoja, wakatikisa kichwa kwa adabu. Mmoja alisema kumbe mzee alikuwa anavaa miwani. Padri akataka kujua nimewezaje kuutunza vile, na mimi, mdomo wangu haujawahi kunipenda, nikamweleza kwamba kanuni ya kwanza ni kutogusa wino kwa mkono mtupu.

Bibi Filomena alikuja wa mwisho. Akasimama mbele ya fremu, akaweka kiganja juu ya kioo, akakaa hivyo.

“Editha,” akasema, “macho yangu yamekwisha. Simwoni baba yako.”

Nikawahi kusema ni kioo, bibi, kinarudisha mwanga, tutakigeuza kidogo.

Editha alikuwa amebeba sinia la vikombe. Akaliweka chini taratibu.

“Macho yako mazima, mama. Collins alilamba kidole akamsugua. Nilikuwa dirishani na ungo wangu. Akalamba mara mbili.” Kisha akanigeukia, na wala hakupandisha sauti. “Nilijua utamwambia mwenyewe. Nimekusubiri wiki tatu.”

Sebule nzima ikanitazama. Mkono wangu wa kulia, bila kuniuliza, ukaingia mfukoni.