Asilimia Themanini

Siku ya kufunga hesabu za nusu mwaka, saa tatu kasorobo asubuhi, Mhasibu wa kampuni ya filamu za katuni alikuwa anafuta vumbi kwenye kikokotoo chake kwa ncha ya mtandio pale Kidosho aliposhuka kutoka kwenye skrini ya chumba cha maonyesho, akapita koridoni na kupiga hodi.

"Shikamoo, shangazi," alisema Kidosho.

"Shikamoo, bibi," alisema Mhasibu wakati huohuo.

Salamu mbili ziligongana mlangoni na hakuna aliyeitikia. Kwenye filamu, Kidosho alikuwa mtoto wa miaka saba mwenye gauni jekundu na utepe kichwani, anayevuka daraja kurudi kwa mama yake. Lakini filamu ilikuwa imekwama, huu mwaka wa tisa, na watu wa kuchorwa huzeeka haraka kuliko sisi kwa kuwa hawana la kufanya. Utepe ulikuwa palepale, juu ya mvi.

Mhasibu alimvutia kiti. Kidosho alikaa taratibu, maana hakuwa na unene. Ukimtazama kwa ubavu ulibaki mstari tu.

"Safari hii niandike nilivyo, shangazi," alisema. "Magoti yameisha. Kama hawamalizi, waseme hawamalizi, nikapumzike. Kama wanamaliza, wanichoree mama."

Kilichobaki kilikuwa huyo mama. Daraja lilikuwepo, mto ulikuwepo, na samaki arobaini wasio na kazi yoyote kwenye hadithi. Ng'ambo kulikuwa na nyumba, na mlangoni hapana mtu. Mchoraji wa nyuso, aliyepangiwa kumchora mama, aliachishwa kazi ili kubana matumizi, wiki ileile Mkurugenzi alipobadilisha gari. Mchoraji huyo ni mdogo wake Mhasibu, tumbo moja. Siku hizi anaandika namba za nyumba kwenye mageti.

Kila mwaka taarifa ya nusu mwaka ilisema jambo lilelile: filamu imefika asilimia themanini na thamani yake haijapungua. Benki ikisoma hivyo inakopesha, Mkurugenzi anapata bonasi, na wachoraji waliobaki, wa samaki na maji tu, wanapata mshahara. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yaelekea hawakuwahi kuajiriwa hapa. Mhasibu alikwisha kuweka sahihi mara nane, na mara zote nane alikosa usingizi. Safari hii alikuwa ameandaa ukurasa mwingine, wenye sentensi moja: filamu haitaisha, ifutwe vitabuni.

Mkurugenzi aliingia pamoja na Mkaguzi kutoka nje. Kwa taratibu za kazi hiyo, mapitio ya nusu mwaka ni ya kuuliza tu. Kufungua makabati ni shughuli ya mwisho wa mwaka, na mwisho wa mwaka Mkaguzi huja kusoma alichojibiwa nusu mwaka. Alimwambia Kidosho, "Samahani, bibi," akasogeza mkoba wake usimbane, akafungua daftari.

"Kuna dalili yoyote kwamba mali imechakaa?"

"Hii hapa," alisema Mhasibu, akimwonyesha Kidosho, na akausukuma ule ukurasa mbele.

Mkurugenzi hakuusoma. Alivaa miwani, akamzunguka Kidosho, akainama kwenye shavu lake.

"Haya makunyanzi yalikuwepo mwaka jana?"

"Hayakuwepo," alisema Kidosho.

"Na mvi hizi?"

"Zilikuwa chache."

"Nani kachora?"

"Zimekuja zenyewe, baba."

"Basi ni michoro mipya, na haijatugharimu hata senti." Mkurugenzi alivua miwani. "Hapa hakuna kuchakaa. Hapa kazi imesonga. Andika themanini na mbili."

Mkaguzi aliandika kwamba uongozi umeulizwa na umejibu. Funika kombe mwanaharamu apite. Alishukuru kwa chai na kuondoka.

"Dada," Mkurugenzi alisema kwa upole, "ukurasa wako umeuandika vizuri sana. Ila wachoraji kumi na wawili wanasubiri mshahara Ijumaa. Utawaambia wewe au niwaambie mimi?"

Mhasibu aliandika themanini na mbili kwenye taarifa, akaweka sahihi. Hasira ilikuwa imempanda mpaka masikioni, na bado sahihi ilitoka safi kuliko zote nane.

Walipobaki wawili, Kidosho hakulia, kwa sababu machozi yake nayo yalikuwa hayajachorwa. Mhasibu alijisikia vibaya. Saa ya chakula cha mchana aliugeuza ule ukurasa uliokataliwa, akachukua penseli, na yeye ambaye tangu shule hajawahi kuchora hata chungu, akachora mwanamke. Kichwa kilitoka kama kiazi. Mkono mmoja ulikuwa na vidole vitano, wa pili sita.

Kidosho aliuinua mchoro karibu na macho.

"Hafanani na mtu," alisema.

"Ndiyo, bibi."

"Lakini kasimama kama anayesubiri."

Aliukunja ukurasa, akautia kifuani, akarudi alikotoka.

Asubuhi iliyofuata mama alikuwa mlangoni, ng'ambo ya mto, na vidole vyake kumi na kimoja. Kidosho alikuwa bado katikati ya daraja, mguu mmoja juu, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyelipwa kuzichora hatua zilizobaki. Walikuwa wanapungiana mikono. Wachoraji kumi na wawili walikuja kutazama, mmoja akasema mama amesahauliwa sikio, wakarudi kwenye meza zao.

Mkurugenzi alifika na kikombe chake cha chai.

"Huyu nani kamchora?"

"Mimi," alisema Mhasibu.

"Saa za kazi?"

"Saa ya chakula."

"Kwa hiyo bure." Alikunywa funda moja, akimtazama mama kwa kuridhika. "Taarifa haijaenda benki, au siyo? Weka themanini na tatu."

Mhasibu alirudi mezani, akaifuta mbili, akaandika tatu.