Mafundo ya Tabibu

Mama Cherehani aliposikia mbwa anakohoa uani hakushtuka. Karani alikuwa mbwa mwenye makuu, akimeza mfupa lazima mtaa mzima ujue. Alimalizia kwanza pindo la sketi ya mteja. Alipotoka alimkuta kwenye mlango wa chumba cha Tabibu, povu limemjaa mdomoni, miguu ya nyuma imelegea, majani makavu na kamba ya kifurushi vimetapakaa sakafuni.

Tabibu alikuwa mumewe. Mwaka sasa tangu wamzike, na chumba chake cha mitishamba kilikuwa vilevile, vifurushi vimepangwa kwenye rafu, dirisha limefungwa ili harufu isitoke. Kwa mjane yule, harufu hiyo ndiyo mume aliyebaki. Majirani walimshauri akisafishe chumba, akipangishe. Aliwasikiliza kwa adabu na kuwapuuza kwa adabu ileile. Karani, aliyepewa jina hilo kwa kuwa alikuwa akikaa mlangoni na kumnusa kila mgonjwa kabla hajaingia, aliukwaruza mlango huo kila asubuhi. Leo aliukuta haukufungwa vizuri. Na aliyeuacha hivyo ni nani, kama si mwenye nyumba mwenyewe?

Alikimbilia maziwa, kisha akasita, akampigia simu daktari wa mifugo, akamweleza aliyoyakuta.

"Usimpe kitu, mama," daktari alisema. "Si maziwa, si mafuta, si chumvi. Wala usijaribu kumtapisha. Kusanya alichobakiza, hata na kamba ya kifurushi, umlete sasa hivi."

Daktari alikuwa binti mwembamba asiyepoteza maneno. Alimlaza Karani mezani, akamsikiliza moyo, akauliza, "Amekula dawa gani?"

Swali hilo lingekuwa rahisi zamani. Tabibu hakuandika kitu, alifunga mafundo. Kifurushi cha fundo moja ni cha kuchemsha, cha mawili ni cha kutafuna, cha matatu ni cha kupaka tu, hakimezwi. Daktari aliinyanyua kamba, akayahesabu mafundo mawili, akaelezwa maana yake.

"Ya kutafuna. Basi afadhali."

Mama Cherehani angeweza kuliacha lipite, na aibu yake ikabaki salama.

"Usiyaamini, mwanangu," alisema. "Mafundo hayo ni yangu."

Kila jioni, akishafunika cherehani, aliingia chumbani, akafungua kifurushi kimoja, akakinusa, akapitisha vidole pale vilipopita vya mumewe. Kisha akakifunga tena vyovyote vile, macho yamejaa machozi. Mwaka mzima. Hapakuwa na fundo la Tabibu lililosalia kwenye rafu zile hata moja. Alieleza hayo akitazama chini, mtu mzima, utadhani amekamatwa na mali ya wizi.

Daktari hakucheka. "Harufu za dawa zake unazijua?"

Mama Cherehani akainama, akaleta pua karibu na mdomo wa Karani. Ukali ukampanda hadi machoni, na palepale akajua. Ilikuwa dawa ya kuchua magoti ya wazee. Ndiyo iliyong'ang'ania mikono ya Tabibu hata akioga mara mbili, ndiyo mkewe aliyolala nayo kitanda kimoja miaka yote ya ndoa.

"Ya kupaka," alisema. "Haimezwi kabisa."

Daktari akaacha kuuliza, akaanza kazi. Alimtundikia dripu, akamnywesha kwa bomba maji meusi ya mkaa wa hospitali, ule unaonasa sumu tumboni.

"Majani machungu hivi," alisema huku akimshika mbwa kichwa. "Njaa gani hiyo?"

"Hakuwa na njaa. Anamtafuta bwana wake."

Karani alipona. Siku ya kumchukua, daktari alimsindikiza mama hadi nje. "Atarudi kulekule, mama. Na mara ya pili siwezi kukuahidi kitu. Vitoe vifurushi vyote, uvifukie mbali, uoshe chumba."

Njiani Mama Cherehani alifikiria kununua kufuli. Lakini kufuli ina ufunguo, na ufunguo angekuwa nao nani? Alijijua. Ipo jioni angetoka mle na machozi yake na kuuacha mlango wazi tena. Mume alikwisha kumpoteza, mbwa bado angeweza kumpoteza.

Basi akavitoa, kimoja kimoja, bila kukinusa hata kimoja, akalipa watu wakavifukia mbali. Akafungua dirisha. Akasugua rafu na sakafu kwa sabuni ya unga mpaka chumba kikanuka usafi tu, kama chumba cha mtu yeyote.

Kisha akamwachia Karani. Mbwa alizunguka kona zote, akanusa chini ya rafu, akasimama katikati ya chumba, akatoka, akaenda kulala juani. Mlango ule hakuukwaruza tena.

Jioni Mama Cherehani alifunika cherehani, akaingia, akapiga magoti kwenye saruji iliyokuwa bado na unyevu, akaanza kunusa.