Keki ya Jana

Mume wangu Metwali aliapa kwamba mjukuu wetu Rihab haolewi na mtu wa kiwandani. Aliapa kwa kupiga kelele, maana sauti nyingine hana. Amefuma nguo kiwandani hapa Mahalla, Misri, mpaka zile mashine zikamla masikio.

"Kiwanda kimekukosea nini?" nikamuuliza. "Nyumba ya kiwanda. Friji ya kiwanda. Rihab kasomea uuguzi kwa mshahara wa kiwanda."

"Na masikio yangu?"

"Hata ulipokuwa nayo hukunisikiliza."

Basi siku Hazim, fundi mitambo wa kiwanda kipya cha kutia nguo rangi, alipokuja na mama yake kuposa, Rihab alikuwa jikoni anachungulia. Jagi la sharubati nyekundu lilikuwa tayari. Lakini kwetu sharubati ya posa hainywewi kabla ya Fatiha ya kufunga uchumba, na Fatiha haisomwi mpaka babu akubali.

Mama mtu, Bi Inshirah, kavaa bangili mpaka karibu na kiwiko, kaleta keki kwenye boksi lenye utepe, na kila saa anakohoa kidogo ndani ya leso ya hariri. Nikajisemea, hiki kikohozi cha kitajiri.

Sasa, sisi wa kiwandani tuna tabia yetu. Kule ndani hata ukipiga ukunga hakuna akusikiaye, kwa hiyo tulizoea kuongea kwa midomo mitupu, mtu na mwenzake wa mashine ya mbali. Mpaka leo mimi na Metwali tunawasengenya wageni hivyo hivyo, mbele ya macho yao, na hatujawahi kukamatwa.

Metwali akanigeukia, midomo ikacheza bila sauti: "Umeyaona maringo? Na keki yenyewe ya jana."

Nikamjibu vile vile: "Na kikohozi cha dukani."

Bi Inshirah akaweka kikombe cha chai chini. Akatutazama mmoja mmoja. Midomo yake ikaenda taratibu, bila sauti hata chembe:

"Keki ni ya leo asubuhi. Na kikohozi sikununua. Nilipewa bure, kwa vumbi la pamba, kule kiwandani Damanhur nilikokuwa nasokota nyuzi."

Jamani, nilitamani zulia linifunike.

Metwali akasogea mbele ya kiti. Kwa midomo tu akauliza: "Na mwanao ukampeleka huko huko?"

"Nilimsomesha kwa mshahara ule ule, Haji. Kikohozi na ada vilitoka bahasha moja. Ningerudisha kimoja, kingine ningekipata wapi?"

Hazim akaanza kutokwa jasho. "Mama, mbona kimya? Mmegombana?"

"Nyamaza, watu wazima wanaongea."

"Na masikio yake?" Metwali akauliza.

"Nimemnunulia vya kuzibia. Siku asipovaa, nitaingia humo kiwandani nimvalishe mwenyewe, wenzake wakitazama."

Metwali akaangua kicheko, njiwa wa jirani wakaruka kutoka paani. Halafu kwa ile sauti yake moja:

"Rihab! Lete sharubati!"

"Babu, Fatiha kwanza!"

"Nini?"

Nikamwambia kwa midomo. Tukainua viganja tukasoma, vijana kwa sauti, sisi wazee watatu kwa midomo mitupu, kama tuko mashineni.

Keki ikakatwa. Metwali akatafuna kipande, akasahau yaliyompata, akanigeukia.

"Ya jana," midomo ikasema.

"Nimeona," akajibu Bi Inshirah, na kumwongezea kipande kingine.