Mkono Mmoja wa Mama Kadi

Mama Kadi alirudi kazini na hasira zake, wala hakuziacha mlangoni. Mkono wake wa kulia ulikuwa bado kwenye bendeji, vidole viwili havipo. Vilikwenda na mashine ya kukatia karatasi alipokuwa anakata kadi zake, ile iliyovunjika kinga ya kisu. Alimwambia bosi aitengeneze hadi mate yakamkauka, na bosi jibu lake lilikuwa lilelile: kesho. Ndiyo maana pale kwenye duka la uchapaji walimwita Mzee Kesho.

"Pole sana, mama," alisema Mzee Kesho, macho kwenye simu. "Lakini kazi yako ni kutengeneza kadi za harusi kwenye kompyuta. Mausi utaishika na nini? Kapumzike tu nyumbani."

Akapumzike! Mama Kadi alimjua huyu. Kupumzika kwake maana yake ni kufukuzwa, na watoto hawashibi kwa pole.

Akachomoa waya wa mausi, akaitupa kwenye droo. "Simama hapo uone."

Mteja mmoja alikuwa anasubiri kadi. Mama Kadi akaketi. Muda wote aliokuwa nyumbani alijifua kwenye kompyuta ya kaka yake, analia, anatukana, anarudia. Kibodi aliifundisha subira: akibonyeza kitufe na kukiachia, kinamngoja mwenzake. Basi akagusa kitufe chenye alama ya dirisha, halafu mshale wa kushoto, kadi ikahamia upande wa kushoto wa kioo. Akafungua picha za maharusi, akagusa tena, mshale wa kulia, nazo zikakaa upande wa pili. Kitufe cha Alt, kisha cha Tab, maneno ya mteja yakachomoza mbele. Alt, Tab, yakarudi nyuma. Akanakili, akabandika, vidole vya kushoto vinadonoa kama kuku aliyemwagiwa mtama.

"Makubwa!" mteja alisema. "Hata mimi wa mikono miwili siwezi."

Wifi yake Mama Kadi, dada wa mumewe, aliyewekwa kwenye mashine ya kukatia tangu ajali ile, alikuwa anacheka kwa furaha.

Mzee Kesho naye akacheka, tumbo likamtikisika. "Haya, kazi unayo! Kumbe mkono mmoja unatosha kabisa. Na mimi nilikuwa nakosa usingizi kwa ajili ya ile kinga, kumbe wala haina haraka." Akamgeukia wifi. "Wewe nawe, kata karatasi! Kinga tutaiona kesho."

Mama Kadi alihisi masikio yanawaka moto. Yaani ameteseka kote huko, halafu huyu mtu ameona tu kwamba vidole vyake havikuwa na kazi! Kule pembeni wifi alikuwa ameshalaza mikono juu ya karatasi, chini ya kisu, vidole vyote kumi.

Mama Kadi akainuka. Akachomoa plagi ya mashine ya kukatia ukutani, akachukua mkasi mezani, akaukata waya wake. Mkono wa kushoto ulihangaika na mkasi, lakini waya ukakatika.

"Una wazimu?" Mzee Kesho alifoka. "Kazi ndiyo umeipoteza hivyo!"

"Najua." Akamwekea plagi kiganjani. "Na hii nayo utaitengeneza kesho."

Wifi akaitazama mikono yake, huu na huu. Kisha akavua aproni.